Anayekula Hashiki Bakuli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwiko. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi, sare imenyooshwa kwa wanga wa muhogo, nimejiandaa kushika sindano na kuitwa nesi. Bwana Mganga wa zahanati ya shamba la mkonge kule Ngombezi alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akanielekeza kwenye kibanda cha jiko nyuma ya jengo.

"Binti, uji unajua kukoroga?"

"Najua, Bwana Mganga."

"Basi koroga. Hapa wengi wanaumwa njaa. Sindano utashika kesho."

Nikakoroga kwa hasira, sare yangu inaingia moshi. Akina mama wa kambini, yaani kwenye zile nyumba za safu walizojengewa wakata mkonge, walileta watoto tukawatundika kwenye mizani ya kamba. Aliyepungua uzito alipewa uji wa mahindi uliochanganywa na karanga na maharage ya kusagwa, tena alinywa mbele yetu mpaka kikombe kionekane kitako. Jioni nilikuwa nanuka moshi kama mkaanga samaki, na Bwana Mganga akasema nimefaulu. Kazi yangu ilianzia hapo, kwa kuwalisha watu, na nawaambia hivyo mapema kwa sababu ilimalizikia kwa kuwazuia kula.

Nyinyi wauguzi vijana wa kliniki ya wazee ndio mlioniomba niandike tulivyofanya kazi zamani. Haya, naandika. Nimeanza leo asubuhi, ila mniwie radhi kama maneno yatakwenda mbio. Leo ni Alhamisi, na Alhamisi ni siku yangu ya uji. Mwenye njaa hatulii kitini. Nimekwishainuka kufukuza kuku ambao hawajanikosea kitu, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa, nikarudi, nikaikuta kalamu chini ya kiti. Leo njaa imenishika kuliko Alhamisi nyingine. Labda ni uzee.

Naishi peke yangu hapa Sindeni, nyumbani kwetu Uziguani, tangu Baba Asha afariki. Asha ni binti yetu, anafanya kazi Dar es Salaam. Kila akipiga simu wimbo ni ule ule: "Mama, njoo ukae na sisi." Anadai namsimulia habari moja mara mbili, na kwamba siku hizi namwita kwa jina la shangazi yake. Mwaka huu amekuja na jipya. Anataka anipigie kila Jumatatu na kila Alhamisi asubuhi, aniambie leo siku gani. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia nimepima akili za wazee mpaka nikastaafu, na leo nipimwe na mtoto niliyemnyonyesha mimi? Nikakata simu kabla hajanipa pole. Haja yangu ni moja tu, kubaki na akili yangu na chungu changu hapa hapa mpaka mwisho. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo linanifanya nifagie ua uliofagiwa.

Turudi kazini. Kutoka Ngombezi nilihamishiwa huku huku Sindeni, zahanati ya kijiji, chini ya Mganga Msaidizi aliyekuwa mpole mpaka wagonjwa wakamzoea kupita kiasi. Mvua ilikuwa ikigoma mara kwa mara, na ikigoma, watu walikula bada, ule ugali wa muhogo mkavu, na mlenda usio na chumvi. Tulizunguka nyumba kwa nyumba na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe ukiingia kwenye rangi nyekundu, mtoto alikuwa hatarini. Kisha nikapelekwa Handeni mjini, wodi ya watoto, chini ya Metroni, yaani muuguzi mkuu wetu sote, mwanamke mrefu aliyekuwa akinusa sahani za wagonjwa zilizorudi jikoni.

"Nani amerudisha ugali huu?" alikuwa akiuliza. "Mgonjwa anayerudisha chakula amefunga mzigo wa safari. Kamfungueni."

Tukarudi kumbembeleza mgonjwa, tonge kwa tonge. Kwa hiyo mtaelewa nilivyoshtuka nilipohamia Korogwe, nywele zimeanza mvi, na kumkuta Daktari wa Wazee.

Alikuwa kijana, umri wa Asha wangu, na adabu zake zimetimia. Zama zilikuwa zimebadilika. Wale tuliowalisha uji Ngombezi walikuwa wamekuwa watu wazima wenye vitambi, presha imepanda, sukari ya damu inacheza, na wengine wakisahau walikoweka miwani wakiwa wameivaa. Daktari aliniita ofisini wiki niliyoripoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Dokta."

"Mama, kuna wazee wetu nataka wapunguze kula. Si kila siku. Siku mbili tu katika wiki."

Nilicheka. Nilidhani mwenyeji ananitania. Yeye akavuta kiti, akanieleza kama mtu anayemweleza mama yake, bila kunionyesha kwamba amesoma kuliko mimi. Alisema mtu akila wakati wote, na hasa akinenepa kiunoni, mwili hufika mahali hausikii tena insulini, ile kemikali inayofungulia sukari mlango iingie kwenye seli. Ubongo nao ni seli, nao huumia. Ukiupa mwili mapumziko mafupi, siku mbili za chakula kiasi cha robo ya kawaida, unamaliza akiba ya sukari, unaanza kuchoma mafuta, na insulini inaanza kusikika tena. Wataalamu walikuwa wanaona dalili kwamba hata kumbukumbu za wazee wa namna hiyo zinapata nafuu.

"Dalili, mama. Sijasema dawa," akaniambia. "Bado wanapima. Na mzee mwembamba simtaki humu. Wala anayejichoma sindano ya sukari. Hao nikiwanyima chakula nitawaua."

Hilo lilinituliza kidogo. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufuata. Siku ya uji, asubuhi ni bakuli moja la uji usio na sukari. Jioni ni mboga za majani na maharage au dagaa kidogo, na maji ya kutosha kutwa nzima. Siku mbili zisifuatane. Siku nyingine mtu ale kama kawaida bila kufidia. Mkitaka kujua ugumu, ulikuwa kwenye hilo la kutofidia.

Wazee hawakutupokea kwa vigelegele. Waliokuja kutoka Handeni, Waislamu wenzangu, walisema mbona wao hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, jambo gani jipya? Nikawaeleza kwamba saumu ni ibada, ina thawabu yake, lakini mtu akifungua kwa viazi vitamu, tambi na uji wa pilipili manga mpaka anapumua kwa shida, mwili haukupumzika, umechelewa kula tu. Wakristo wa kambini nao wakanong'ona kwamba nesi anawasilimisha kupitia tumbo, ndipo Daktari akaruhusu kila mmoja achague siku zake. Walioniuma zaidi ni watoto wa manamba, wale vibarua walioletwa kutoka mikoa ya mbali kukata mkonge. Mmoja wao alisimama kwenye benchi la kliniki akaniambia, "Nesi, baba yangu alitembea kutoka Njombe kukimbia njaa. Wewe unaifuata njaa kule kule unaniletea?"

Huyo alikuwa Mzee Luka, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye korona, ile mashine ya kiwandani inayoparua majani ya mkonge zibaki singa, yaani nyuzi tupu. Masikio yake yalikuwa yamezoea makelele, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kama yuko ng'ambo ya mto. Kitambi kilimtangulia. Alikataa mpango wetu mbele ya watu wote, akaondoka, na wiki iliyofuata mkewe, Mama Zawadi, Mshambaa mfupi asiye na maneno mengi, akamrudisha akiwa amemshika mkono.

"Atafanya," alisema Mama Zawadi. "Jumatano na Ijumaa."

"Nitafanya," alisema Mzee Luka, kwa sauti ya kusikika soko zima.

Kabla ya kuanza tulimpima. Kipimo cha kumbukumbu kilikuja na maelekezo ya mjini: mgonjwa achore saa, ataje tarehe. Wazee ambao hawakukaa darasani waliitazama kalamu kama mtu anayetazama nyoka. Daktari akakubali tuongeze vya kwetu. Nilimtajia mzee vitu vitatu, jembe, chungu, mbuzi, tukaongea habari za mvua na wajukuu, kisha nikamwomba anirudishie. Mzee Luka alirudisha vyote, akaongeza kwamba mbuzi wa siku hizi hawana nyama.

Mwanzoni mambo yalimwendea vizuri. Mkanda wake ulisogea matundu, akawa anafika kliniki kwa miguu, presha ikashuka. Mama Zawadi alikuwa akija naye kila mara, anakaa pembeni na kikapu chake, na nikimuuliza mzee jambo la nyumbani, jibu lilikuwa likitoka kwa mama. Sikulitilia maanani. Wanandoa wengi wa umri ule huongea hivyo.

Kisha akakosa kliniki. Aliporudi aliletwa na mwanawe Fidelis, dereva wa malori Dar es Salaam, na sikumtambua. Shingo ilikuwa imebaki kamba, suruali imefungwa kwa kitambaa, midomo imekauka. Sauti ile ya ng'ambo ya mto ilikuwa imekwenda wapi sijui. Nilimpa vitu vyangu vitatu. Alihangaika, akatazama dari, akasema, "Mbuzi." Basi.

"Mzee amechanganyikiwa, Dokta," alisema Fidelis. Alikuwa anaongea haraka, macho mekundu. "Mke wangu Neema anaishi naye jirani, anampikia. Anasema mzee anagawa ugali kwa watoto. Ukimuuliza, eti bakuli limemkataza kula. Bakuli! Kesho naondoka naye Dar. Shamba nimeshapata mtu wa kulinunua."

"Siendi," alisema Mzee Luka.

"Baba, huwezi kukaa peke yako unaongea na vyombo."

"Siendi, Fide. Nimesema."

Daktari alikuwa ameshika kichwa. Alipima presha, akaikuta imeshuka mno, kwa sababu mzee alikuwa anameza vidonge vyake kama kawaida juu ya tumbo tupu. Akaniita pembeni. "Mama, kama ni siku za uji zilizomfikisha hapa, mpango huu nimeufunga leo." Nilikumbuka utepe wangu na rangi nyekundu. Nilijiuliza kama maisha yangu yote nimewafungua watu mizigo ili uzeeni niwafungie tena.

Lakini Daktari hakuwa mtu wa kukata shauri akiwa ofisini. Alimtundikia mzee chupa ya maji, na mzee alipopata nguvu kidogo, Daktari akasema, "Twendeni nyumbani kwake." Tukapanda gari la rafiki wa Fidelis, sote wanne, mpaka Ngombezi.

Neema alikuwa uani, mwembamba, mwenye wasiwasi, akatupokea kwa kupiga goti. Nyumba ya wazee ilikuwa nadhifu. Kwenye meza ndogo karibu na mlango wa jikoni palikuwa na bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, limefunikwa kifudifudi juu ya sahani yake. Fidelis akalinyooshea kidole. "Ndilo hilo."

Nikachutama mbele ya Mzee Luka. "Mzee wangu, bakuli hili linakuambia nini?"

Alinitazama kwa dharau niliyofurahi kuiona, maana ilikuwa ya Mzee Luka yule wa zamani. "Nesi, bakuli linasema? Mimi si kichaa. Limelala. Likilala ni siku ya uji. Likiamka ni siku ya ugali."

"Nani huliamsha?"

"Mama Zawadi."

"Yuko wapi Mama Zawadi?"

"Kerenge. Zawadi amejifungua, mama amekwenda kulea mzazi. Atamaliza arobaini ndipo arudi."

"Aliondoka siku gani?"

"Jumatano."

Neema aliziba mdomo kwa kanga. Sasa sote tulikuwa tunalitazama lile bakuli. Mama Zawadi alikuwa amelilaza Jumatano asubuhi kama kawaida yake, akapata gari la Kerenge, akaenda, na tangu siku hiyo mzee wa watu alikuwa kwenye Jumatano isiyokwisha.

"Lakini Baba," Neema alisema akilia, "si nilikuwa nakuambia, leo Jumamosi, leo Jumapili?"

"Ulisema, mwanangu. Na mama aliacha bakuli limelala. Ningemsikiliza nani?"

"Kwa nini usilifunue mwenyewe, mzee?" Daktari aliuliza.

Mzee Luka akainamisha kichwa. Alieleza kwamba mwanzoni alikuwa akilifunua kweli, mama akitoka tu kwenda kisimani. Analiamsha, anakula mihogo ya kuchoma kwa jirani, analilaza tena. Mama akamfuma mdomo umejaa. Hakumgombeza, alilia, akamwambia hataki kuja kuwa mjane wa mtu aliyemsahau jina. "Nikamwapia," alisema Mzee Luka. "Nikamwambia mkono wangu hautagusa bakuli hili tena. Sasa mnataka nivunje kiapo kwa ajili ya ugali?"

"Na siku zenyewe, mzee, huzijui?"

"Tangu king'ora cha kiwanda kilipokoma kuniita, siku zangu ni Mama Zawadi. Akifua, ni Jumamosi. Akivaa kitenge cha kanisani, Jumapili. Ameondoka nazo."

Nilinyoosha mkono nilifunue mimi yaishe. Mzee aliruka. "Usiliguse! La mama hilo!" Ikabidi Fidelis ampigie mama yake, akaweka simu sauti ya nje, akamweleza kwa kukatakata. Mama Zawadi alikuwa amekwisha kuzungumza na Neema mara kadhaa, na Neema kila mara alimjibu Baba hajambo, ili asimtie mama mashaka akiwa na mzazi.

"Baba Zawadi," sauti ikaja. "Yaani siku zote hizi unakunywa uji?"

"Si ulililaza bakuli?"

"Nililaza."

"Basi."

Tulimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake mtoto mchanga analia. "Neema, mwanangu. Liamshe bakuli. Mpe babako chakula sasa hivi, na simu msiikate, nataka nimsikie anakula."

Neema akalishika bakuli kwa mikono miwili akaligeuza. Daktari alisema aanze na kidogo, laini, maana tumbo lililokaa tupu halivamiwi. Mzee Luka alikula wali laini na mchuzi wa kunde, polepole, simu iko mezani. Fidelis alitoka nje, akasimama ameegemea ukuta, mabega yanacheza. Alirudi Dar peke yake. Habari ya shamba sikuisikia tena.

Mama Zawadi hakungoja arobaini ziishe. Baada ya wiki kadhaa, vidonge vimepunguzwa na mashavu yamerudi, nilimpima mzee tena. "Jembe, chungu, mbuzi," alipaza sauti. "Na bakuli, nesi. Bakuli umelisahau."

Tulicheka kliniki nzima. Lakini jioni Daktari alinikuta nafunga madirisha, akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Mama, mzee hakupotea Mama Zawadi alipoondoka. Alikuwa ameanza kupotea zamani. Mkewe alikuwa anamshikia nusu ya kumbukumbu, na sisi tulikuwa tunampima akiwa naye pembeni."

Hakuufunga mpango. Aliubadilisha. Tuliazima wazo la bakuli la Mama Zawadi tukaligawa kwa wote, kwa maana wengi hawakusoma kalenda, na bakuli kila mtu analisoma. Ila tuliweka sharti, na sharti hilo ninyi mnalifundisha bila kujua lilikotoka: anayekula hashiki bakuli. Mzee asiye na mtu wa kumlazia na kumwamshia hatukumpokea, awe na kitambi cha namna gani. Walikuja na wake, waume, wajukuu, hata mmoja alikuja na mwenye nyumba wake. Je, akili zao zilipona? Mtaniuliza, na nitawajibu kama Daktari. Niliona waliochangamka. Niliona ambao hawakubadilika, na wawili watatu waliendelea kufifia mbele ya macho yangu na bakuli linafunuliwa kila siku sawasawa. Sijui. Nimestaafu sijui, na kutokujua huku kunaniwasha mpaka leo.

Siku ya kuagwa, Mganga Mfawidhi alitoa hotuba ndefu, wenzangu wakanipa zawadi ya bakuli la bati lenye ukingo wa buluu. Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka. Kiuno changu nacho kilikuwa kimejaa, na mama yangu mzazi alikufa hanijui mimi ni nani. Nikaanza siku za uji, Jumatatu na Alhamisi. Baba Asha ndiye aliyekuwa ananishikia bakuli, analilaza usiku wa kuamkia siku ya uji baada ya kula, analiamsha asubuhi inayofuata siku hiyo, na alikuwa mkali kuliko Metroni. Alipofariki, nilikaa na bakuli lile mkononi sijui nimpe nani. Nikalishika mwenyewe. Nilijiambia sharti ni la wagonjwa, na mimi ni nesi.

Nimeandika mpaka hapo nikainuka tena, maana kiti kinanichoma. Nimetoka barazani. Jirani yangu Mzee Athumani alikuwa anapita na kanzu iliyonyooshwa, kofia nyeupe, mkeka kwapani.

"Mama Asha, hujambo? Nilidhani umesafiri. Jana kutwa hukuonekana."

"Nipo, mzee wangu. Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Ijumaa, mama. Nikuombee nini?"

Nilimjibu aniombee kheri. Akaenda. Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, kanzu kwa kanzu, barabara nzima.

Nimeingia ndani. Bakuli lipo mezani, limelala. Nililifunika Jumatano baada ya kula, hilo nalikumbuka. Jana nilikunywa uji. Leo asubuhi nimelikuta limelala, nikanywa uji, nikaketi hapa nikawaandikia kwamba leo ni Alhamisi. Jembe, chungu, mbuzi. Nayakumbuka maneno yote matatu, nimeyarudia kwa sauti, nimeyarudia kinyumenyume.

Ningeweza kurudi kwenye ukurasa wa kwanza nikaifuta Alhamisi. Kila mstaafu hukosea siku, hata wazee wangu niliwaambia hivyo kuwapa moyo. Mkono wangu ulikuwa umeshalifikia bakuli, nikataka kuligeuza haraka, nani ataniona? Nikaurudisha. Ukurasa nimeuacha kama ulivyo, muusome.

Nilichukua simu. Saa zile huwa simpigii, kwa hiyo aliipokea mara moja.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Asha, bakuli langu limelala, na leo ni Ijumaa."

Bakuli hilo analijua tangu baba yake alipokuwa ananishikia, na habari ya Mzee Luka nimemsimulia, kwa maneno yake, mara zisizo na idadi. Nilisikia makelele ya ofisini kwao yanabaki nyuma, mlango unafungwa.

"Liamshe, mama," alisema. "Liamshe ule. Sikati simu, nakusikiliza."

Nikaliamsha. Nikapakua bada na kunde, nikaketi, nikala, na binti yangu akanisikiliza mpaka mwisho. Jumatatu atapiga kabla sijawasha moto. Nimemwambia apige.